Tembo anakujua kwa harufu kabla hujamuona

Siasa tuweke kando kidogo, leo tumuongelee jirani yetu mwenye mkonga.

Juzi nilitoka Moshi mjini nikapanda West Kilimanjaro kumsalimia mjomba. Nakuta nusu ya mahindi yake yamelala chini, utadhani trekta limepita. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, kulikoni?" Akajibu, "Marahaba. Wageni wa usiku hao." Kilichomchosha zaidi ni kwamba walipitia upande ule ule ambao hakuwasha moto. Akaniuliza, "Wewe unayeshinda kwenye intaneti, hebu niambie, wamejuaje?"

Haya, nikaenda kusoma. Jibu la kwanza ni pua. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba tembo wa Afrika ana jeni za kunusa kama 2,000 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mbwa, na kama mara tano ya mimi na wewe. Akiinua mkonga juu, ujue anasoma upepo: mahindi yako wapi, moshi uko wapi, watu wako wapi.

Na hasemi tu "hapa kuna mtu". Anajua ni mtu gani! Ng'ambo ya mlima wetu, Amboseli, watafiti waliwapa tembo nguo zilizovaliwa na Wamasai na nyingine zilizovaliwa na Wakamba. Matokeo yalitoka 2007: wakinusa nguo ya Mmasai walikimbia mbali zaidi, maana vijana wa Kimasai huwachoma mikuki. Mwaka 2014 ikaja nyingine ya sauti. Sauti ya mwanaume mzima wa Kimasai iliwatisha kuliko ya mwanamke au mtoto. Sasa wewe unapiga debe ukidhani umemtisha, kumbe yeye anajua wewe ni mkulima asiye na mkuki. Teh teh!

Jibu la pili ni masikio na miguu. Tembo huongea kwa muungurumo mzito, chini ya hertz 20, ambao sikio letu halisikii. Sauti hiyo husafiri kilomita kadhaa, na mtikisiko wake ardhini huupata kwa nyayo. Ndiyo maana unaona familia nzima inageuka pamoja kama vile wamepigiana simu.

Na mkonga wenyewe? Hauna mfupa hata mmoja. Ncha yake ina "vidole" viwili, anaweza kuokota punje moja au kung'oa mti.

Lakini kila mwamba una udhaifu wake. Ngozi ya tembo ni nene, ila kuzunguka macho na ndani ya mkonga ni laini, na nyuki wanapajua hapo. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walichezea tembo wa Kenya sauti ya nyuki waliokasirika, wengi wakatimka. Ndipo ukaja uzio wa mizinga: mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba, imeungwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Mkulima anabaki na mahindi na asali. Si dawa ya kila kitu lakini, maana ukame ukizidi nyuki huhama.

Tusisahau na wao wana njia yao, ile ya Kitendeni inayounganisha Amboseli na msitu wa Kilimanjaro. Tukiijaza mashamba, watapita wapi?

Nimemweleza mjomba. Akacheka, akasema babu yake alikuwa na mizinga na yeye ndiye aliyeiacha. Sasa anatafuta miwili ya kuanzia, upande ule ule walikopitia. Bila hivyo, vijana wake wataendelea kukesha shambani na asubuhi kwenda shule wakisinzia, na mtu akikutana na tembo gizani anaweza asirudi.

Wadau wa Siha, Longido na Rombo, kwenu mnafanyaje? Tupeni uzoefu hapo chini, mjomba anasubiri majibu.