Somo la Redio: Kuhamisha Hesabu za Biashara Bila Kuzipoteza

MWALIMU: Fungueni madaftari yenu. Msomaji wa darasa akae karibu na taa, maana maneno ya leo tutayasikia kwanza, kisha tutayasoma.

Somo letu ni juu ya neno moja: wingu. Kwetu Moshi, wingu ni lile linalofunika Kibo. Lakini siku hizi makarani na wafanya biashara husema, "Hesabu zetu tumeziweka kwenye wingu." Maana yake nini? Hesabu hazielei hewani. Zimo ndani ya kompyuta za mtu mwingine, katika jumba kubwa lenye walinzi na umeme wa akiba, nawe unazifikia kwa njia ya intaneti na kulipa kodi ya mahali hapo. Kampuni ya Microsoft ilifungua majumba ya namna hiyo Afrika Kusini mwaka 2019. Amazon ikafuata mjini Cape Town mwaka 2020. Basi karani wa Mabogini akitafuta jina la mteja, huenda jibu likatoka mbali hivyo.

Tuseme hapa Mabogini yuko mtu mwenye mashine ya kukoboa mpunga na ghala. Wakulima wanamwekea magunia. Mambo yake yote yamo katika kompyuta moja juu ya meza: nani ameleta magunia mangapi, nani amekopa mbolea, nani amekwisha lipa. Kompyuta ile ikiibwa, au maji ya masika yakiingia ofisini, mama aliyeweka magunia 14 atathibitisha kwa nini? Stakabadhi yake imeliwa na panya. Kompyuta ndiyo iliyokuwa shahidi wake.

Hiyo ni sababu nzuri ya kuhama. Lakini kuhama ovyo kwaweza kuyapoteza magunia yale yale 14.

MAMA: Mwalimu, kwa nini asihamishe vyote siku moja akapumzika?

MWALIMU: Ahsante, mama. Jibu unalo wewe mwenyewe shambani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, umewazoesha watu wa Mabogini mambo ya maji. Ukichimba mfereji mpya wa kwenda kwenye jaruba lako, je, unauziba ule wa zamani siku hiyo hiyo?

MAMA: La! Mpunga utakauka.

MWALIMU: Naam. Unapitisha maji kidogo kwanza, unatazama yanavuja wapi. Hesabu nazo ni hivyo.

Kwanza mwenye mashine ahesabu alivyo navyo. Aandike kwenye karatasi: daftari la ghala, daftari la mikopo, mishahara, simu za wateja. Mbele ya kila kimoja aandike nani anakitumia, na kikikosekana siku moja hasara ni nini. Daftari la mikopo lisiwe la kwanza kuhama, maana kosa moja humo huzaa ugomvi. Aanze na orodha ya vipuri vya mashine. Ikiharibika, ataihesabu tena jioni moja.

Kisha atoe nakala ya kila kitu kabla ya kugusa lolote, aiweke katika flashi au diski, na diski ile ilale nyumba nyingine. Lakini sikilizeni hapa, maana watu wengi hukosea: nakala ambayo hujapata kuifungua si nakala. Aichukue kompyuta nyingine, aifungue, atafute jina la mama yule, aone 14. Asipoiona, asihame.

Wakati nao una maana. Asihamishe wakati wa mavuno, mikokoteni ikiwa imepanga foleni mlangoni. Kenya, kampuni ya Safaricom ilihamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwezi wa Aprili 2015. Walichagua usiku wa mwisho wa juma, na wateja walitangaziwa mapema. Ikiwa kampuni kubwa vile ilingoja usiku, mwenye mashine moja ana haraka gani?

Baada ya kuhama, daftari la zamani na jipya yaende pamoja, tuseme mwezi mzima. Kila jioni karani ajumlishe magunia pande zote mbili. Jumla zikilingana, vema. Zisipolingana, atafute sababu kabla ya kulala. Kazi hiyo inachosha, nami sitawaficha. Tena mapema, kabla hajaanza, aandike ni kosa gani litakalomrudisha kwenye daftari la zamani. Mtu aliyekwisha choka hushindwa kukubali kurudi.

Sasa juu ya ufunguo. Mimi mwenyewe nilipata kutunza hesabu za duka moja. Kijana mmoja hodari alituandikisha kwenye wingu kwa simu yake na kwa jina lake. Akapata kazi Dar es Salaam, akabadilisha namba. Wiki tatu tulikuwa nje ya mlango wa hesabu zetu wenyewe! Basi akaunti iwe ya biashara, neno la siri lijulikane na watu wawili wanaoaminika, na karani akiondoka libadilishwe siku hiyo hiyo. Malipo ya kila mwezi nayo yawekewe mtu wa kuyakumbuka. Yakikatika, mlango hufungwa.

MAMA: Na mtandao ukikatika, mwalimu?

MWALIMU: Utakatika tu, mama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Aliyekuwa na hesabu kwenye wingu peke yake alikaa akitazama kioo. Kwa hiyo kila Jumamosi karani achapishe orodha ya wenye magunia, aifungie kabatini, na daftari la karatasi liwepo la kuandikia siku ya giza.

Liko pia jambo la sheria. Majina, simu na madeni ya watu si mali ya mwenye ghala kuyapeleka atakako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya habari za watu ajiandikishe kwa Tume, nayo ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Basi aiulize kampuni ya wingu: habari zetu zitalala nchi gani? Nikiondoka, nitarudishiwa zote, na kwa namna gani? Jibu alipate kwa maandishi.

Sasa kazi ya darasa. Chukueni kalamu. Kila mmoja aandike vitu vitatu ambavyo biashara yake, au chama chake, imeviandika mahali pamoja tu. Mbele ya kila kimoja aandike jina la mtu atakayeumia kikipotea. Jumatano tutasoma majibu yenu. Kwaherini.