Mlima Hukupata Unaposhuka

Watu wanaokuja kliniki kwetu hapa Moshi baada ya mlima hawalalamikii kupanda. Kupanda kuliwatoa jasho na kuwakata pumzi, wengine kuliwatapisha, lakini mapaja yao waliyaharibu wakiwa njiani kurudi. Nafanya kazi ya fiziotherapia (wagonjwa huniita daktari wa mazoezi, nami nimeacha kubishana), na jambo hili naona linawashangaza hata vijana wenye nguvu zao.

Majuzi alikuja mgumu mmoja. Wagumu ndio wapagazi wa Kilimanjaro, na huyu ilikuwa safari yake ya kwanza. Wagumu wengi hawaendi kileleni. Hubaki kambini na kuwasubiri wageni. Huyu alipandisha mzigo hadi kambi ya Barafu bila tatizo, akateremka nao hadi geti la Mweka, karibu mita 3,000 kwenda chini. Siku mbili baadaye hakuweza kuchuchumaa chooni. Ngazi za kuteremkia mlangoni kwetu alizishuka kinyumenyume, kashika ukuta.

"Shikamoo mama. Naomba unichue tu, ni asidi imejaa miguuni."

Marahaba, nikamjibu, ila hiyo asidi ya laktiki unayoisema huondoka msulini ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Ya juzi haipo tena. Nikamchua kidogo, maana kuchua kunaliwaza, halafu nikamwonyesha kilichomuumiza.

Nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia aweke kiganja juu ya paja, karibu na goti, asimame, kisha akae polepole. Jaribu nawe. Unaposimama, msuli unakakamaa chini ya kiganja, na hilo kila mtu analitegemea. Unapokaa, ambapo ungedhani paja limepumzika, msuli unakakamaa vilevile. Kijana alirudia mara mbili, akaniangalia.

Msuli haujui kusukuma. Unajua kuvuta tu. Ule mkubwa wa mbele ya paja una sehemu nne. Tatu zinaanzia kwenye mfupa wa paja wenyewe, ya nne inaanzia juu zaidi, kwenye mfupa wa nyonga, na ndiyo maana hiyo husaidia pia kuinua paja. Zote nne zinaungana kwenye kano moja nene, inayopita juu ya pia ya goti na kujishika kwenye muundi. Papasa chini kidogo ya goti lako, utakuta kinundu cha mfupa. Hapo ndipo kano inapoishia. Msuli ukifupika, muundi unavutwa na goti linanyooka. Pia ya goti nayo haikuwekwa pale kwa urembo. Inaisogeza kano mbele kidogo ya kiungo, na umbali huo mdogo unaongeza nguvu ya mvuto.

Kukunja goti ni kazi ya misuli ya nyuma ya paja. Inaanzia kwenye ule mfupa tunaoukalia, inapita nyuma ya nyonga na nyuma ya goti, na kujishika chini ya goti pande zote mbili. Ukiwa umekaa, vuta kisigino kuelekea chini ya kiti na ushike nyuma ya goti: zile kamba mbili ngumu ndizo kano zake. Kwa kuwa misuli hii inavuka viungo viwili, ukiinama magoti yakiwa yamenyooka inavutwa kutoka ncha zote mbili. Wengi wanaoshindwa kugusa vidole vya miguu huulaumu mgongo. Nawaambia wakunje magoti kidogo, na mikono inafika.

Sasa, unapochuchumaa au kuteremka ngazi, nani anakunja goti? Uzito wako mwenyewe. Huhitaji msuli wowote ukusaidie kwenda chini. Kazi ni ya ule wa mbele, nayo ni kazi ya breki: unavuta huku unarefushwa. Bila breki hiyo ungeanguka kwenye hatua ya kwanza.

Breki hii ina gharama ya ajabu. Ndani ya msuli kuna nyuzi nyembamba za protini, mayosini na aktini. Mayosini ina vichwa vinavyoshika aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika tena, na kila kuachia kunakula nishati. Msuli unaporefushwa chini ya mzigo, vichwa hivyo vinang'olewa na uzito wenyewe, kwa hiyo nishati inayotumika ni ndogo. Mwili unaona kazi ni nyepesi na unaita nyuzi chache tu. Hizo chache ndizo zinazobeba mzigo wote. Ndiyo maana mtu anashuka akipiga soga, hahemi, kumbe paja linachanika vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Uvimbe na maumivu huanza kesho yake na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu.

Kuna jaribio la Uingereza nalipenda sana. Mwaka 1952 watafiti Abbott, Bigland na Ritchie waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, zikiwa zimepeana mgongo. Mmoja anaendesha mbele, mwenzake anaikinza ile pedali isimzungushe miguu kinyumenyume. Nguvu za wote wawili zinalingana, lakini anayekinza anatumia oksijeni kidogo mno kuliko mwenzake. Walipolionyesha London, mwanamke mwenye umbo dogo alikinza hadi mwanamume mkubwa wa mwili akachoka hoi. Ningelipa kiingilio kuliona hilo.

Paja haliko peke yake kwenye kazi hii. Kisigino kinapotua, msuli wa mbele ya muundi unaushusha wayo polepole usipigwe chini. Shavu la mguu, lenye misuli miwili inayokutana kwenye kano nene ya kisigino, linazuia muundi usilale mbele. Ubavuni mwa nyonga kuna msuli ambao watu hawaujui hata jina, nao ndio unaozuia kiuno kisiinamie upande kila mguu mmoja unapokuwa hewani. Mgumu mwenye mzigo kichwani anautegemea kwa kila hatua.

Kijana akaniuliza kama aache kazi. Hapana. Msuli ukishaumizwa hivi mara moja na kupona, unajikinga kwa wiki kadhaa. Wagumu wa siku nyingi hushuka Mweka na kesho yake wako sokoni. Nilimwambia apige hatua fupi, goti lisinyooke kabisa linapopokea uzito, na mzigo usizidi kilo 20 zinazoruhusiwa, hata mkuu wa msafara akinuna. Na nikamwambia jambo moja bila mzaha: mkojo ukibadilika kuwa wa kahawia iliyokolea, asije kwangu, aende hospitali siku hiyohiyo. Hiyo ni dalili kwamba msuli umevunjika kupita kiasi na mabaki yake yanaziba figo.

Wageni wao wanashuka kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili, na wengi walijiandaa kwa kupanda tu. Wanaotoka Dar, wasio na kilima cha kujizoeza, nawaambia wapande ghorofani kwa lifti, washuke kwa ngazi. Hucheka, wakidhani nimegeuza maneno.