Mchoraji wa sungura aliyejinunulia shamba kwa kalamu na rangi

SUNGURA wa kufugwa, kisanduku cha rangi na barua moja kwa mtoto mgonjwa. Huo ndio uliokuwa mtaji wa Beatrix Potter, mchoraji Mwingereza ambaye alipofariki mwaka 1943 aliacha mashamba 14, zaidi ya ekari 4,000 za ardhi na makundi ya kondoo walio safi wa koo.

Wengi wanamfahamu kwa hadithi ya Peter Rabbit, sungura mtundu anayepenya katika bustani ya mkulima, akala saladi, maharagwe na figili, kisha akafukuzwa kwa reki. Kile ambacho wengi hawajui ni kwamba vitabu hivyo vidogo vya watoto ndivyo vilivyolipia ng'ombe, nguruwe, kondoo na hatimaye milima mizima ya malisho.

Potter alizaliwa Julai 28, 1866, mtaani Kensington jijini London. Familia yake ilikuwa na uwezo, kwani babu yake alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa vitambaa vya pamba.

Hata hivyo, mali ya wazazi haikuwa mali yake. Hakupelekwa shule bali alifundishwa nyumbani na walimu wa kike. Msichana wa tabaka lake alitarajiwa kukaa na wazazi, kuwasaidia kusimamia nyumba na watumishi, na kungoja kuolewa. Kuwa na pesa zake mwenyewe halikuwa jambo lililofikiriwa.

Chumba kilichojaa wanyama

Katika orofa ya juu ya nyumba hiyo, yeye na ndugu yake mdogo, Bertram, walifuga karibu kila kitu kilichoweza kubebwa: sungura, panya wadogo, popo, vyura, mijusi, konokono na hata kalunguyeye.

Wanyama hao ndio waliokuwa walimu wake. Siku nyingi aliketi mbele yao na penseli, akachora sikio, mguu, kisha mnyama yule yule akiwa amelala, ameketi au anakula, yote katika karatasi moja. Hakuchora kwa kukisia.

Mnyama alipokufa, kazi haikuishia hapo. Ndugu hao wawili waliwahi hata kuchemsha mizoga ili wapate mifupa na kujifunza jinsi mwili ulivyoungwa. Ndiyo maana sungura wake, hata akiwa amevaa koti la samawati, bado ana mwili na mkao wa sungura wa kweli.

Kuanzia umri wa miaka 15 hivi, aliandika pia shajara kwa herufi za siri alizobuni mwenyewe, akieleza aliyoyaona na maoni yake juu ya picha za wasanii wengine. Siri ya herufi hizo haikufumbuliwa hadi mwaka 1958, miaka 15 baada ya kifo chake.

Mawazo yake hayakutoka chumbani tu. Baba yake alipenda kupiga picha na alikuwa rafiki wa mchoraji mashuhuri John Everett Millais. Pia alinunua kazi za Randolph Caldecott, mchoraji wa vitabu vya watoto ambaye Potter alimhusudu sana. Majumba ya makumbusho ya South Kensington hayakuwa mbali na kwao, naye aliyatumia kama darasa. Alipotaka kuchora fulana za kale kwa hadithi ya fundi cherehani wa Gloucester, alikwenda huko kuchora nguo halisi za karne ya 18.

Chemchemi kubwa zaidi ilikuwa mashambani. Kila mwaka familia ilihamia Scotland kwa miezi kadhaa ya kiangazi, na kuanzia mwaka 1882 ikaanza kwenda pia eneo la Lake District, kaskazini magharibi mwa Uingereza, penye maziwa, milima na wafugaji wa kondoo.

Pauni sita za kwanza

Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 23, Potter alichora kadi za salamu akimtumia sungura wake, Benjamin Bouncer, kama kielelezo. Kampuni ya Hildesheimer & Faulkner ilizinunua kwa pauni sita. Hizo ndizo pesa zake za kwanza za uchoraji.

Kwa furaha, alimpa sungura huyo kikombe kizima cha mbegu za mmea wa jamii ya bangi. Asubuhi iliyofuata alipotaka kumchora tena, sungura alikuwa amelewa na hakushikika!

Miaka hiyo pia alizama katika uyoga. Charles McIntosh, aliyekuwa mpeleka barua vijijini Scotland na mjuzi wa mimea, alimtumia sampuli kwa posta, naye akazichora kwa usahihi mkubwa na kuchunguza jinsi vijimbegu vya uyoga vinavyoota.

Mwaka 1897 utafiti wake uliwasilishwa katika Linnean Society ya London, lakini mwenyewe hakuwepo. Wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano hiyo. Mlango wa sayansi ukabaki umefungwa, ingawa michoro yake ya uyoga imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Armitt mjini Ambleside, na bado huwafaa wanaotaka kutambua aina za uyoga.

Barua yageuka kitabu

Septemba 4, 1893, Potter alimwandikia barua Noel Moore, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mamake mtoto huyo aliwahi kuwa mwalimu wa Potter. Kwa kuwa hakuwa na habari ya kumpa, alimtungia hadithi ya sungura wanne na kuchora picha kando ya maneno.

Miaka saba hivi baadaye aliiazima barua hiyo, akaipanua na kuipeleka kwa wachapishaji. Angalau sita waliikataa.

Tatizo halikuwa hadithi tu. Baadhi walitaka kitabu kikubwa chenye bei ya juu. Potter alishikilia kuwa kiwe kidogo, kinachotosha mikononi mwa mtoto, na cha bei ambayo mzazi wa kawaida angeimudu. Kwa maneno mengine, alimjua mteja wake.

Alipochoka kubisha hodi, alitoa akiba yake na kuchapisha nakala 250 mnamo Desemba 1901. Ziliisha upesi, akaongeza nyingine 200 mapema mwaka uliofuata.

Kampuni ya Frederick Warne, iliyokuwa miongoni mwa waliomkataa, ikabadili msimamo. Ilikubali kuchapisha iwapo angechora upya picha zote kwa rangi. Kitabu kilitoka Oktoba 1902, na nakala 8,000 za toleo la kwanza zilikuwa zimeagizwa zote kabla ya siku ya kuchapishwa. Kufikia mwisho wa 1903, zaidi ya nakala 50,000 zilikuwa zimeuzwa.

Alivyolinda jina lake

Mafanikio hayo yalikuja na hasara. Hakimiliki ya kitabu haikusajiliwa nchini Marekani, na punde wachapishaji wa huko wakaanza kutoa nakala zao bila kumlipa chochote. Kulikuwa hakuna la kufanya.

Potter hakungoja kuumwa mara ya pili. Mwaka 1903 alishona kwa mikono yake mwanasesere wa Peter Rabbit, na Desemba 28 mwaka huo akasajili umbo lake katika ofisi ya hataza jijini London. Mwaka uliofuata alibuni mchezo wa ubaoni. Baadaye zikaja karatasi za kupamba kuta, vyombo vya chai na bidhaa nyingine, na kwa kila bidhaa iliyotengenezwa kwa idhini alidai mrabaha wake.

Alikagua sampuli mwenyewe na kukataa zile ambazo hazikufanana na wanyama wake. Hivyo, mchoro mmoja uliendelea kumwingizia pesa hata akiwa amelala.

Mwaka 1905 ulimletea msiba. Julai, Norman Warne, mhariri wake katika kampuni hiyo, aliomba kumuoa, naye akakubali licha ya wazazi wake kupinga kwamba binti yao hawezi kuolewa na mtu wa biashara. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 25, Norman alifariki kwa saratani ya damu.

Shamba la ekari 34

Mwaka huo huo, kwa mapato ya vitabu na urithi mdogo kutoka kwa shangazi yake, Potter alinunua shamba la Hill Top katika kijiji cha Near Sawrey, Lake District. Lilikuwa na ekari 34.

Hakujifanya anajua ukulima. Alimwacha msimamizi aliyekuwapo aendelee na kazi pamoja na familia yake, akaongeza nafasi kwenye nyumba ili watoshe, kisha akajifunza kutoka kwao kila alipopata nafasi ya kutoroka London.

Shamba nalo likalisha vitabu. Panya waliosumbua nyumba ya Hill Top waligeuka wahusika wa hadithi ya mwaka 1908. Mwaka huo pia alitoa hadithi ya Jemima, bata anayenyang'anywa mayai yake ili yaatamiwe na kuku. Mfugaji yeyote anajua sababu: bata wengi wa kufugwa hawana subira ya kuatamia, na kuku anaaminika zaidi.

Pesa za vitabu ziliendelea kugeuzwa ardhi. Mwaka 1909 alinunua Castle Farm, jirani na Hill Top, kwa msaada wa wakili William Heelis. Mnamo Oktoba 1913, akiwa na miaka 47, akaolewa na wakili huyo na kuhamia kijijini kabisa.

Miaka minne baadaye lilizuka pigo jingine. Mkuu wa kampuni iliyomchapishia alifungwa mwaka 1917 kwa kughushi hati, na kampuni ikakaribia kufilisika ikiwa na deni kubwa kwa Potter. Badala ya kuiacha izame, alitafuta michoro yake ya zamani na kuwapa kitabu kipya cha kuuza. Kampuni ikanusurika, na mrabaha wake ukaendelea kuingia.

Kutoka rangi hadi kondoo

Macho yalipoanza kudhoofika, kazi ya brashi ilipungua na ile ya zizini ikaongezeka. Mwaka 1923 alinunua Troutbeck Park, shamba la milimani la karibu ekari 2,000, ambalo kondoo wake walikuwa wameathiriwa vibaya na minyoo ya ini.

Minyoo hiyo hupitia kwa konokono wadogo wa matopeni kabla ya kuingia kwa kondoo, ndiyo sababu malisho yenye majimaji ni hatari. Potter alitafuta wachungaji hodari, akawatibu mifugo na kulijaza shamba upya kwa kondoo wa aina ya Herdwick.

Herdwick si kondoo wa kuvutia macho. Huzaliwa weusi na kugeuka kijivu wanapokua, na sufu yao ni ngumu, inayofaa zaidi mazulia. Lakini huvumilia baridi na mvua ya milimani, na mwanakondoo hufundishwa na mamake mipaka ya malisho yake hata pasipo ua. Ukiuza kundi hilo, hata ukileta kondoo wengine wazuri zaidi, ujuzi huo umepotea.

Bei ya sufu hiyo ilipoanguka, wafugaji wengi walianza kubadili aina. Yeye alikaza uzi, akachagua madume bora na kushinda zawadi katika maonyesho ya kilimo miaka ya 1930. Mwaka 1943 alichaguliwa rais wa chama cha wafugaji wa Herdwick, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo, lakini alifariki Desemba 22 kabla ya kushika wadhifa.

Katika wosia wake, mashamba yalikwenda kwa National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, kwa sharti kwamba makundi ya Herdwick yaendelee kuwepo, yakiwa safi wa koo. Wakulima wapangaji wanaendelea kuyafuga, na Hill Top hupokea wageni wanaolipa kuona chumba na bustani zilizochorwa vitabuni.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, mambo matatu yanajitokeza. Potter hakukata tamaa wanunuzi wakubwa walipomkataa, bali alianza na nakala 250 kwa pesa alizokuwa nazo. Alisajili kazi yake baada ya kuibiwa mara moja. Na faida ya kazi moja hakuila yote. Aliipanda katika nyingine.

Muda wa hakimiliki ya michoro yake nchini Uingereza ulikwisha mwisho wa 2013, miaka 70 baada ya kifo chake. Mwaka huo huo nyama ya kondoo wa Herdwick wa eneo hilo ilipewa ulinzi wa jina barani Ulaya, ili asiyefuga huko asiweze kulitumia. Sungura sasa ni wa kila mtu, lakini kondoo bado wana wenyewe.