Mtihani wa GMAT: Tuufanye au Tuombe Kusamehewa?



Baadhi ya vijana waliopitia madrasa yetu, ambao sasa wamemaliza shahada ya kwanza, hutujia kutaka ushauri juu ya kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili ya biashara, yaani MBA. Swali linalorudiwa ni hili: chuo kimesema mtihani si lazima, je, tuuache? Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili hapa, kwani wadogo wanaosoma leo watalikuta mbele yao, na wazazi ndio watakaobeba gharama.

Mitihani yenyewe ni ipi?

Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kufanya mtihani mmoja kati ya miwili, GMAT au GRE. GMAT ulianza kufanywa mwaka 1954, baada ya vyuo vya biashara kutaka kipimo kimoja kwa waombaji waliosoma sehemu mbalimbali. Muundo wake wa sasa, ulioanza Novemba 2023, una sehemu tatu: hesabu, ufahamu wa lugha na uchambuzi wa takwimu. Kila sehemu ni dakika 45, maswali yote ni 64, na alama huanzia 205 hadi 805. GRE nao ulifupishwa Septemba 2023 ukawa chini kidogo ya saa mbili. Alama zake ni 130 hadi 170 kwa hesabu, na vivyo hivyo kwa lugha, na ipo pia insha. Ada ya kila mtihani hupita dola 200, na matokeo hutumika kwa miaka mitano.

Mlango wa kusamehewa

Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga vituo vya mitihani, vyuo kadhaa, vikiwemo MIT Sloan na Darden cha Virginia, viliruhusu watu kuomba bila alama. Baadaye vingine viliurudisha mtihani na vingine vikauacha mlango wazi. Harvard na Stanford huendelea kutaka GMAT au GRE. Kwa hiyo tusitegemee habari za mitaani. Tusome masharti ya chuo chenyewe kwa mwaka ule tunaoomba.

Aidha, tutofautishe mambo mawili. Kuna vyuo ambavyo mtihani ni hiari, nawe unatuma maombi bila alama na hakuna anayekuuliza. Na kuna vyuo ambavyo ni lazima kwanza uombe kusamehewa, utoe sababu, kisha usubiri jibu. Ombi lako likikataliwa, mtihani unabaki palepale. Vilevile, kusamehewa GMAT si kusamehewa mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Hayo ni masharti mbalimbali.

Nani aombe kusamehewa?

Chuo kinataka kujua jambo moja: je, huyu ataziweza hesabu za fedha na takwimu tutakazomfundisha? Mtihani ni ushahidi mmoja tu. Anayeuacha hana budi kuleta ushahidi mwingine. Mhandisi aliyefaulu vizuri, au mhasibu mwenye CPA aliyefanya kazi miaka kadhaa, anao ushahidi huo. Lakini aliyesoma Kiswahili, historia au masomo ya dini, na alama zake za chuo ni za wastani, mtihani ndio wakili wake. Akiuacha, wasomaji wa maombi watabaki na shaka na hawatakuwa na cha kuiondoa. Tukumbuke pia kwamba huenda hawakijui chuo chetu cha huku, wala jinsi kinavyotoa alama, ila alama za GMAT wanazijua.

Suala la ufadhili

Hapa ndipo familia nyingi husahau. Ada ya masomo pekee katika vyuo vikubwa hupita dola 70,000 kwa mwaka. Wenzetu wengi hulipia kwa mikopo ya riba, njia ambayo familia zetu haziitaki. Basi kwetu sisi ufadhili ndio mlango wenyewe. Na vyuo hutangaza wastani wa alama za wanafunzi wao, wastani ambao huingia katika orodha za kupanga vyuo kwa ubora. Kwa sababu hiyo mwenye alama za juu huvutia, na vyuo vingi huziangalia alama hizo vinapogawa ufadhili. Mtu anaweza kupata nafasi bila mtihani, akakosa fedha za kuitumia nafasi hiyo. Kabla ya kuamua, kiulizeni chuo waziwazi: asiye na alama huangaliwa vipi katika ufadhili?

Njia ya kuamua

Kwanza, fanya mtihani wa majaribio. Wenye GMAT na wenye GRE wote hutoa majaribio ya bure kwenye intaneti. Kaa nao kwa muda uliowekwa, bila kusaidiwa.

Pili, linganisha matokeo na wastani wa chuo unachokitaka. Ukiwa karibu, soma kwa bidii miezi miwili au mitatu kisha ufanye. Matokeo yakiwa mabaya hulazimiki kuyatuma, kwani mitihani yote miwili humwacha mtahiniwa achague alama za kupeleka.

Tatu, ukiwa mbali hata baada ya juhudi ya kweli, na unao ushahidi mwingine wenye nguvu, omba kusamehewa. Omba mapema, ili ukikataliwa ubaki na muda wa kujiandaa.

Nne, ukiwa mbali na huna ushahidi mwingine, ahirisha mwaka mmoja. Jifunze hesabu, chukua kozi ya takwimu au uhasibu, kisha uombe. Mwaka mmoja wa kujiandaa ni nafuu kuliko ada iliyolipwa kwa masomo usiyoyaweza.

Hivyo basi, asiache mtu mtihani kwa sababu anauogopa, wala asiufanye kwa kuwa jirani ameufanya. Na nyinyi mlio darasani leo, msiikimbie hesabu, kwani maandalizi ya mtihani huu yanaanzia hapo.

Wabillahi tawfiq.