Bima ya Afya na Mtoto Mwenye Usonji

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo moja: kadi ya bima yaweza nini, na haiwezi nini, kwa mtoto mdogo mwenye usonji. Tunaitazama habari hii kutoka Turiani, chini ya milima ya Nguru, ambako wengi huishi kwa mpunga na miwa.

Kwanza, usonji si homa iponywayo kwa dawa, wala si laana, wala si kosa la malezi ya mama. Ni hali ya ukuaji wa ubongo: mtoto haitiki jina lake, hatazami usoni, huchelewa kusema. Msaada wake ni mazoezi ya kusema, kucheza na kujihudumia, yarudiwayo siku kwa siku, nayo hufaa zaidi yakianza mapema.

Pili, tuangalie bima zenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza mwaka 2001 na watumishi wa serikali. Mkata miwa wa msimu hakuwamo. Baadaye, mwaka 2016, Toto Afya Kadi ilimpokea mtoto yeyote chini ya miaka 18 kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, watoto wakatakiwa kupitia shuleni. Hapo pengo likaonekana, kwa kuwa mtoto wa miaka 3 bado hana shule, nao ndio umri wa kuanza mazoezi. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Tatu, hata mwenye kadi hulipiwa huduma iliyopo tu. Wataalamu wa tiba kwa vitendo na wa matamshi ni wachache, nao wako hasa katika hospitali kubwa za mijini. Nauli ya kila juma na siku za shamba zilizopotea hubaki mzigo wa mzazi.

Je, tufanyeje? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mwezeshaji si lazima awe daktari. Ukumbi wa usharika watosha. Twaona kwamba mafunzo ya namna hii yastahili kuhesabiwa kuwa tiba na kulipiwa na bima.

Basi mzazi akimleta mtoto asiyesema, tusimwambie, “Ngoja, atasema tu.” Tumsindikize kliniki mapema.