Nyoka Mchanga Anapokataa Kula

Kwetu nyoka akiingia nyumbani watoto hukimbia na baba hushika fimbo. Lakini Marekani na Ulaya wako watu wafugao nyoka kama sisi tufugavyo paka, nao hukosa usingizi asipokula. Usicheke. Kama umewahi kuhangaika na mwana-mbuzi anayekataa kunyonya, wayajua mashaka yao.

Apendwaye sana ni yule aitwaye nyoka wa mahindi, wa kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, hubana panya mpaka wafe. Akianguliwa ni mwembamba kama penseli.

Tuseme umepewa mmoja, nawe umemwekea kitoto cha panya kisicho na manyoya. Hakitazami hata kidogo. Wiki yapita, na ya pili. Ufanye nini?

Kwanza, usimlazimishe. Kumpanua kinywa na kumsukumia chakula huweza kumjeruhi, na hofu yake huzidi. Kazi hiyo ni ya daktari wa wanyama, tena njia nyingine zote zikishindwa.

Pili, chunguza makao yake kabla ya kumlaumu. Nyoka hupata joto kutoka nje. Akikaa katika baridi, tumbo lake halisagi chakula. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto la digrii 29 hivi, upande wa pili upungue, achague mwenyewe. Apate maji na mahali pa kujificha. Tena jua kwamba kwa kawaida hali kabla ya kujivua gamba mara ya kwanza, yaani kama wiki moja tangu kuanguliwa.

Tatu, kumbuka chakula cha kwao. Porini vitoto vya nyoka huyu hula mijusi na vyura wa mitini, basi huenda harufu ya panya haimwambii kitu. Kwa hiyo wafugaji huchukua kitoto cha panya kilichokufa, hukiosha, hukipasha moto katika maji ya uvuguvugu, kisha hukisugua kwa mjusi kipate harufu yake. Humtia nyoka pamoja nacho katika kikopo chenye matundu, na kumwacha gizani usiku kucha bila kumchungulia. Mara nyingi asubuhi kikopo kina nyoka tu, na tumbo lake limevimba. Usimshike kwa siku mbili, asije akatapika. Kama hakula, ngoja siku tano ndipo ujaribu tena.

Lakini angalia! Sikuambii ukamate nyoka shambani. Kitoto cha kifutu au cha swila kina sumu tangu siku ya kwanza. Waonye watoto wako.

Hata hivyo, utakapoona mwana-mbuzi wako hataki kunyonya, au kifaranga hadonoi, usikimbilie kumshindilia chakula. Mguse kwanza: je, ana baridi? Ana hofu? Chakula hicho anakijua? Ukilitengeneza hilo kwanza, huenda akala mwenyewe.