Je, Wajua? Arctic Monkeys, Vijana wa Sheffield na CD za Bure

Leo tunapiga hodi Sheffield, mji wa viwanda vya chuma cha pua kaskazini mwa Uingereza. Hapo ndipo nyumbani kwa Arctic Monkeys, bendi ya roki ya indi, yaani muziki unaotolewa na lebo ndogo zilizo nje ya himaya ya makampuni makubwa. Haya, twende.

Je, wajua kwamba yote yalianza na zawadi mbili za Krismasi? Mwaka 2001, Alex Turner na jirani yake Jamie Cook, wote wa kitongoji cha High Green, walipewa gitaa kila mmoja. Mwaka uliofuata wakaungana na Andy Nicholson na Matt Helders, bendi ikazaliwa.

Je, wajua kwamba Helders hakuchagua dramu? Wenzake walishashika magitaa, na dramu ndizo zilizobaki. Sasa mapigo yake ya kasi ndiyo yanayoitambulisha bendi hata kabla mwimbaji wao, Turner, hajafungua kinywa.

Je, wajua kwamba onyesho lao la kwanza lilikuwa kwenye baa iitwayo The Grapes, hapo hapo Sheffield? Ilikuwa 13 Juni 2003. Turner alikuwa na miaka 17.

Je, wajua kwamba waligawa muziki wao bure? Walirekodi demo, wakazichoma kwenye CD na kuwapa watu waliokuja kuwasikiliza. CD zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo aliyebahatika kupata aliiingiza kwenye kompyuta na kuwarushia wenzake kwenye intaneti. Mashabiki ndio waliofungua ukurasa wa bendi kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace. Mashabiki hao hao wakaupa mkusanyiko wa demo jina la *Beneath the Boardwalk*, kutokana na The Boardwalk, ukumbi ambao Turner alikuwa akihudumu kwenye baa yake. Muda si mrefu, bendi ikipanda jukwaani, ukumbi mzima unaimba neno kwa neno nyimbo ambazo hakuna duka lililowahi kuziuza!

Je, wajua kwamba rekodi yao ya kwanza, iliyotoka Mei 2005, ilitengenezwa nakala 1,500 tu? Waliitoa kwa lebo yao wenyewe, Bang Bang. Mwaka huo huo wakasaini na Domino, lebo huru iliyoanzishwa 1993, na kufikia Oktoba wimbo wao *I Bet You Look Good on the Dancefloor* ulikuwa namba moja Uingereza.

Je, wajua kwamba albamu yao ya kwanza, ya Januari 2006, iliuza nakala zaidi ya 360,000 Uingereza katika wiki moja? Hakuna bendi iliyokuwa imewahi kuuza albamu ya kwanza kwa kasi hiyo nchini humo. Mwaka huo huo ikatwaa tuzo ya muziki ya Mercury. Jina lake refu, *Whatever People Say I Am, That's What I'm Not*, limetoka kwenye riwaya ya Alan Sillitoe ya 1958, inayomhusu kijana mfanyakazi wa kiwanda mjini Nottingham.

Je, wajua kwamba Turner hakuificha lafudhi ya kwao? Angeweza kuiga matamshi ya Marekani, kama wanavyofanya waimbaji wengi wa roki. Yeye aliimba foleni ya teksi usiku, mabaunsa wa mlangoni na ugomvi wa wapenzi kwa matamshi yale yale ya mtaani kwao. Hata wimbo *Mardy Bum* umebeba neno la huko: mtu "mardy" ni mtu wa kununanuna. Mwacha asili ni mtumwa, na hawa asili hawakuiacha.

Je, wajua kwamba tamasha la Glastonbury limewapa nafasi ya wasanii wakuu mara tatu? Ilikuwa 2007, 2013 na 2023. Mara ya kwanza Turner alikuwa na miaka 21, na Nick O'Malley alikuwa ameshachukua besi baada ya Nicholson kuondoka 2006.

Je, wajua kwamba walipiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012? Walipoimba *Come Together* ya The Beatles, waendesha baiskeli waliovaa mabawa ya njiwa yenye taa waliingia uwanjani.

Je, wajua kwamba albamu *AM* ya 2013 iliwapa rekodi nyingine? Walikuwa bendi ya kwanza ya lebo huru ambayo albamu zake tano za mwanzo zote ziliingia chati ya Uingereza moja kwa moja namba moja.

Je, wajua kwamba piano ndiyo iliyowabadilisha? Turner alizawadiwa piano na meneja wake alipotimiza miaka 30. Akaketi nayo, na 2018 ikatoka *Tranquility Base Hotel & Casino*, albamu inayotupeleka hotelini mwezini. Tranquility Base ndipo Apollo 11 ilipotua 1969. Ile hoteli ya kwenye jalada Turner aliijenga mwenyewe, kwa kukata kadibodi kwa kisu.

Je, wajua kwamba onyesho lao la Juni 2018 katika ukumbi wa Royal Albert, London, lilikuwa la kusaidia watoto walioathiriwa na vita? Mapato yote yalikwenda kwa shirika la War Child, na mwaka 2020 wakatoa albamu ya onyesho hilo kwa ajili ya shirika hilo hilo.

Na mwisho, je, wajua kwamba tarehe 9 na 10 Juni 2023 walirudi kupiga nyumbani, kwenye bustani ya Hillsborough, Sheffield? Ilikuwa imebaki siku tatu tu itimie miaka 20 tangu ile jioni ya The Grapes.

Basi msomaji, ukiwa na mdogo wako anayehangaika na gitaa uani, usimfukuze, wala usimwambie aimbe kama watu wa mbali. Mwambie auimbe mtaa wake, tena kwa lugha ya mtaa wake. Mcheza kwao hutunzwa.